Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma, Kigoma

Ndugu Mgeni Rasmi, Daktari na dada yetu uliyesoma kwenye madawati haya haya,
Mkuu wa Shule,
Walimu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Kwa niaba ya wanachama 26 wa Klabu ya Baiolojia, mimi katibu wao nakukaribisha nyumbani na kukupa hongera ya shahada ya uzamivu. Tunajua ulivyochoka na safari mpaka kutufikia huku mwisho wa reli. Asante kwa kuja.

Mgeni rasmi, klabu hii ilianzia kwenye boksi la dawa.

Mwaka juzi baba yangu mdogo aligundulika figo zake zimechoka. Mwanza alikokuwa akihudhuria kliniki aliandikiwa sindano za kuongeza damu, achomwe moja kila wiki kwenye zahanati ya jirani na nyumbani. Baba akauza madumu ya mawese, tukapata fedha za dozi ya mwezi, na mimi nikatumwa kuifuata. Niliambiwa dawa ikae kwenye ubaridi. Kwa akili yangu, ubaridi ukizidi ndiyo usalama unazidi: vichupa vyote vinne nikavizika katikati ya barafu ya friza ndani ya hotpoti, nikaifunga kwa kanga mbili, nikapanda basi. Liliposimama Kakonko nilifungua kuangalia. Dawa ilikuwa imeganda, imekuwa barafu ndani ya kichupa. Hadi nafika nyumbani ilikuwa imeyeyuka, maji maangavu kama ilivyotoka dukani, na sikumwambia mtu. Baba mdogo akachomwa zote nne. Mwezi ule damu yake haikupanda, ilishuka.

Nilipokuwa natafuta kosa nilikunjua karatasi iliyokuwa ndani ya boksi. Herufi ndogo sana, Kiingereza kitupu. Iliandikwa kwamba dawa ikae kati ya nyuzijoto 2 na 8, isigandishwe, isitikiswe. Chini zaidi iliandikwa kwamba imetengenezwa kwenye seli za ovari ya hamsta wa China, mnyama mdogo wa jamii ya panya. Nilimpelekea mwalimu wetu wa baiolojia, naye akakupigia simu huko ulikokuwa masomoni. Jioni ile ulitufundisha saa nzima, simu imewekwa spika juu ya meza ya maabara, nasi tumeizunguka. Tulikuwa wanane. Wiki iliyofuata tukawa klabu.

Kwa hiyo mengi ninayoyasema sasa tuliyapata kwako. Tunayarudia kwa ajili ya wazazi waliopo, kwa sababu bibi zetu wametuuliza zaidi ya mara moja kama wagonjwa wanachomwa panya.

Hawachomwi panya, bibi. Figo nzima hutengeneza protini inayoitwa erithropoietini, ambayo hupeleka habari kwenye uboho wa mifupa kwamba chembe nyekundu za damu zinahitajika. Figo zikichoka, habari haifiki na damu hupungua. Protini hiyo ndiyo dawa ya baba mdogo, na zamani haikupatikana kirahisi. Takaji Miyake wa Japani alikusanya mikojo ya wagonjwa wenye upungufu mkubwa wa damu, lita 2,550, na mwaka 1977 yeye na Eugene Goldwasser wa Chicago wakafanikiwa kutoa humo miligramu chache tu za protini safi. Hebu fikirini: zaidi ya madumu 127 ya lita 20, na mavuno hayajai hata ncha ya kijiko.

Njia ikafunguka wanasayansi walipoipata jeni yake, yaani maelekezo ya kuitengeneza, wakaipandikiza kwenye seli nyingine ifanye kazi hiyo. Swali tulilokuuliza jioni ile lilikuwa: kwa nini seli za hamsta, wakati insulini iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1982 ilitengenezwa na bakteria tu? Ulitujibu kwamba insulini ni protini ndogo isiyovikwa chochote, lakini erithropoietini huvikwa minyororo ya sukari ambayo ni karibu asilimia 40 ya uzito wake. Bila minyororo ile mwili huiondoa kwenye damu haraka kabla haijafanya kazi. Bakteria wa kawaida wa maabara hawajui kuvika sukari za namna hiyo. Seli za mnyama anayenyonyesha zinajua.

Seli zenyewe zilitoka kwenye ovari ya hamsta mmoja mwaka 1957, katika maabara ya Theodore Puck kule Denver, Marekani, na kizazi chake kinaendelea kugawanyika hadi leo. Mwaka 1987 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza iliyotoka kwenye seli hizo, ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye mishipa ya moyo, na mwaka 1989 ikafuata hii ya baba mdogo. Sasa huoteshwa kwenye matangi ambayo makubwa yake hufika lita 20,000. Seli hutoa protini kwenye kioevu, protini huchujwa na kusafishwa hatua kwa hatua, seli hubaki nyuma. Kinachoingia kwenye sindano ni protini.

Kazi yako ya uzamivu tuliielewa vizuri ulipotuambia tuwaze mchikichi. Mkulima akiokota mbegu popote na kuzipanda, kila mche utazaa kivyake, na mwingine utazaa vizuri miaka ya mwanzo kisha ukakata tamaa. Ndiyo maana wenzetu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga wanahangaika na miche ya tenera, yaani michikichi chotara. Seli nazo ndivyo zilivyo. Jeni ikiachwa ijipachike popote kwenye DNA, yaani uzi unaobeba jeni zote za seli, seli moja hutoa protini nyingi, jirani yake haitoi kitu, na hata ile nzuri inaweza kupunguza baada ya vizazi vingi. Wewe ulikuwa unatafuta mahali maalumu pa kuipandikiza jeni ili seli zitoe kwa wingi na zisiache.

Hukutuficha gharama yake. Ulitusimulia asubuhi ya Jumatatu ulipofungua inkubeta, kabati la joto la kuoteshea seli, ukakuta kioevu chekundu cha kulishia seli kimegeuka njano na kuchafuka kama maji ya mto Malagarasi wakati wa masika. Bakteria walikuwa wameingia. Miezi minne ya kazi ukaimwaga, ukaosha kila kitu, ukayeyusha seli za akiba ukaanza upya. Kisa hicho tumekiandika ukutani, kwenye karatasi ya manila, juu ya sinki la maabara.

Nasi tumejaribu kwa kiasi chetu. Tuliotesha hamira kwenye maji ya sukari na kuhesabu seli zake kila nusu saa, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Umeme ulikatika saa tatu, tukaisogeza hadubini dirishani tukatumia kioo chake na jua. Idadi ilikuwa ikiongezeka mara mbili kwa kila saa mbili hivi, wakati seli zako za hamsta huhitaji karibu siku nzima. Chupa ya tatu ilinuka, maana aliyeiandaa hakuchemsha maji. Tuliimwaga kwa heshima zote, tukikukumbuka.

Hadubini hiyo ni moja kwa wanafunzi wote wa sayansi, na lenzi yake kubwa ina ufa. Tunaomba utusaidie kupata nyingine, hata zilizotumika, pamoja na kioo maalumu cha kuhesabia seli, kwa kuwa sasa tunakadiria tu. Tunaomba pia masomo ya simu yaendelee, walau mara moja kwa muhula.

Ombi letu kubwa halina gharama. Dawa za namna hii zinazidi kuwa nyingi: za saratani, za watu ambao damu yao haigandi, na kingamwili za kuzuia malaria ambazo zimeshajaribiwa kwa wananchi wa Mali. Zote ni protini zenye umbo lake, na umbo likiharibika jicho haliwezi kuona. Mtu wa Kasulu au Uvinza akipewa boksi, apate karatasi anayoweza kuisoma mwenyewe. Kama ile yetu ingeandikwa kwa Kiswahili, “usigandishe”, nisingeizika dawa ya baba mdogo kwenye barafu. Ningeiweka kwenye hotpoti juu ya kitambaa, barafu chini, visigusane.

Baba mdogo yupo hapa leo, amekaa safu ya pili. Nilimwambia ukweli miezi mitatu baadaye. Alinyamaza, kisha akaniambia nimsomee ile karatasi yote, tangu juu hadi chini.

Nilimsomea, na nilivyokuwa namsomea nilikuwa natafsiri. Tafsiri hiyo klabu imeiendeleza mpaka zikawa kurasa nne, kuhusu kutunza na kusafirisha sindano hizi. Tumeshindwa maneno sita, tumeyapigia mstari. Pembeni tumeacha nafasi pana ya kalamu yako. Tunaomba uzisahihishe, na ukiridhika, tuzipeleke pamoja kwa mganga mkuu wa mkoa akubali zigawiwe.

Mgeni rasmi, naomba nije mbele nikukabidhi.

Naomba kuwasilisha.