Kabla hujachomwa ile sindano

Mwanangu,

Jana umenipigia umenuna. Vidole vimekuvimba hadi kufunga vifungo vya shati asubuhi ni kazi, halafu daktari, badala ya kukuanzishia sindano ya kuzuia TNF, ile protini ya mwili inayochochea uvimbe, anakutuma ukapime TB. "Mama, naumwa viungo, mbona sikohoi!" Nilicheka, nisamehe.

Miaka yote ya maabara nimezitazama chembe T, aina ya chembe nyeupe za kinga, kwenye hadubini. Hazina makuu: kijidude cha mviringo, kiini cha zambarau kimekijaza karibu chote. Kwa macho tu huwezi hata kuzitofautisha na ndugu zao, chembe B. Maajabu yake yako kwenye maagizo. Chembe za kinga huagizana kwa protini ndogo ziitwazo sitokini. Chembe T changa ikiamshwa penye sitokini iitwayo intalukini-12, huwa ya kutoa nyingine, intaferoni gama, na kwa hiyo makrofaji, zile chembe za kinga zinazomeza vijidudu, hupata makali ya kuviua. Ikiamshwa penye sitokini nyingine, TGF-beta, yaweza kuwa mtulizaji wa wenzake. Ongeza intalukini-6 juu ya hiyo TGF-beta, inageuka mchokozi anayemwaga intalukini-17. Ndiyo maana huwa nakereka nikisikia sitokini hii nzuri, ile mbaya. Uliza kwanza iko wapi, na imeandamana na nani.

TNF yako nayo ni sitokini, na ni hivyo hivyo. Kwenye viungo imezidi, inachochea uvimbe na kula gegedu. Lakini TNF hiyo hiyo ndiyo inayoshikilia ukuta wa makrofaji na chembe T unaovifungia vijidudu vya TB vilivyolala, na mtu anaweza kuwa navyo miaka mingi asijue. Ukiizuia, ukuta unalegea. Mwaka 2001 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 70 waliougua TB baada ya kutumia infliximabu, dawa ya jamii hiyo. Zaidi ya nusu yao, TB ilikuwa nje ya mapafu. Sasa hiyo "sikohoi" yako itakusaidia nini?

Na kipimo chenyewe utakipenda. Damu yako itachanganywa na vipande vya protini za kijidudu cha TB na kuachwa kwenye joto la mwili usiku kucha. Kama chembe T zako zimewahi kukutana nacho, zitamwaga intaferoni gama, nayo ndiyo inayopimwa.

Ikionekana, utaanza dawa za TB iliyolala kwanza, sindano baadaye kidogo. Kwa sasa vaa fulana.

Mama yako