Boriti imeoza kichwani? Tutafute maji kwanza

Mteja akitupigia simu kuhusu boriti iliyooza, swali lake la mwanzo huwa ni hili: dawa mnayo? Dawa tunayo. Ila siku ya kwanza hatuipaki, na tunaomba mtuvumilie tueleze sababu.

Nyumba nyingi za zamani za Mji Mkongwe, Zanzibar, zimebebwa na boriti za mikoko. Zimelazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake kuna mawe na zege la chokaa, mzigo mzito kweli kweli. Ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba: urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, mita tatu hivi au pungufu. Vichwa viwili vya kila boriti vimezama ndani ya ukuta. Kuoza huanzia humo, mahali ambapo jicho halifiki.

Kinachoozesha ni kuvu. Vijimbegu vyake vimejaa hewani, lakini havipati pa kushika mpaka mti ulowe. Mti wenye unyevu chini ya asilimia 20 hauozi, na hata kwa hewa yetu ya bahari, boriti iliyo mahali pakavu hubaki chini ya hapo. Kuvu ya mti uliolowa inataka kama asilimia 30 kwenda juu, tena kwa muda mrefu. Kwa hiyo palipo na boriti iliyooza, pana maji yanayoilisha. Ukiyakata, kuvu inasimama. Ukipaka dawa ukayaacha maji, mwakani utatuita tena.

Maji hayo yanatoka wapi? Mara nyingi ni bafu la ghorofani lililoongezwa baadaye, bomba likavuja polepole chini ya vigae. Au mlizamu, yaani mfereji wa maji ya paa, umeziba majani, mvua inamwagika ukutani. Au bati limeachana na ukuta pale linapokutana nao. Siku hizi kuna na viyoyozi vinavyodondosha maji mahali pamoja mchana kutwa.

Lakini tatizo linalotuuma zaidi ni lipu ya saruji. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Upepo ukipita, ukuta unakauka wenyewe. Fundi akija akaupiga saruji, kisha juu yake rangi ya mafuta, unyevu unakosa pa kutokea. Unabaki ndani na kuingia kwenye mti. Tumebandua lipu ngumu, safi, ya kupendeza, tukakuta nyuma yake chokaa mbichi inayomomonyoka kwa kidole, na kichwa cha boriti kimelainika kama muhogo uliopitiliza kuiva. Nje hakuna aliyeona kitu. Kwa hiyo ukiambiwa ukuta wako wa zamani upigwe saruji ili "uzuie unyevu", tafadhali kataa.

Ukitaka kupima mwenyewe, chukua bisibisi na uisukume kwenye boriti karibu kabisa na ukuta. Mti mzima utaikataa. Uliooza utaipokea bila ubishi. Gonga pia kwa mpini wa nyundo, katikati kisha pembeni, usikilize sauti ikibadilika kutoka kali kuwa nzito. Weusi peke yake usikutishe. Boriti nyingi nyeusi ni nzima kabisa. Ukiona unga mlaini au vijishimo, huenda ni wadudu, na matibabu yake ni mengine.

Angalia na doa la dari. Likikua wakati wa masika tu, shaka iende kwenye paa na mlizamu. Likikua hata kaskazi, wakati hakuna mvua, shaka iende kwenye bomba au kiyoyozi.

Tukija, kwanza tunategemeza sakafu kwa nguzo za muda, hata kama kinachochunguzwa ni kichwa kimoja. Kisha tunafungua ukuta na kufuata kuoza mpaka kuishe, na tunapokata tunapita angalau sentimita 30 ndani ya mti mzima. Panapowezekana tunaunga kipande kipya kwa bolti zisizoshika kutu. Kichwa kikiwa kimeharibika kirefu, tunalaza boriti mpya kando ya ile ya zamani. Hatung'oi boriti nzima kwa sababu jirani yake imeoza. Mikoko ndiyo inayolinda pwani yetu, na mti mzuri uliobeba nyumba miaka mia hauna kosa.

Hapo sasa ndipo dawa inapoingia. Tunatumia chumvi za boroni, tukitoboa matundu kwa kekee karibu na kichwa ili ziingie ndani, kwa kuwa mkoko ni mgumu na dawa ya kupaka juu haifiki mbali. Boroni huyeyuka kwenye maji. Bomba likiendelea kuvuja, huoshwa ikaondoka. Oili chafu hatuitumii. Kwenye mti uliolowa hubaki juu juu, inanuka, na ndani ya nyumba inaongeza hatari ya moto. Kichwa tunakiachia nafasi ya hewa, na ukuta tunaurudishia kwa chokaa.

Kazi ya aina hii Mji Mkongwe inahitaji kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Maombi tunakusaidia kuyaandaa, basi usianze kubomoa kabla.

Kama sakafu imebonyea, au mlango wa juu umeanza kukwama ghafla, toa watu chumbani, cha juu na cha chini, kisha piga simu siku hiyo hiyo. Ukiwa na tangi la maji juu ya sehemu hiyo, limwage: lita 1,000 ni tani nzima. Na usipake rangi dari kabla hatujafika, doa lile tunalihitaji.