Dafina ya Mjerumani na mashimo ya shambani kwetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo linalotusumbua sisi tunaoishi kusini mwa mji wa Tanga, upande wa barabara ya Pangani, si mbali na magofu ya Tongoni. Shambani kwetu, chini ya minazi aliyoipanda marehemu babu, kuna makaburi matatu ya kale yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Hakuna mzee wa kijiji anayejua ni ya nani, ila tangu utotoni tulifundishwa kupita hapo kwa adabu. Mwezi uliopita nilikuta kando ya mojawapo shimo la kina cha kufika kiunoni, limechimbwa usiku, udongo umerundikwa juu ya kaburi lenyewe na chokaa ya ukingoni imebanduliwa kwa sururu. Siku tisa baadaye likachimbwa la pili.

Walichokuwa wakikitafuta kinajulikana. Ni dafina, yaani mali ambayo kwa masimulizi ya vijiweni Mjerumani aliifukia alipokuwa akiwakimbia Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, akaliacha kaburi liwe alama yake. Hakosekani mtu mwenye karatasi iliyochorwa mbuyu na msalaba, ambayo yeye huiita ramani, na hakosekani mwenzetu wa kutoa fedha za kukodi kifaa cha kutambua chuma ardhini, pamoja na fedha za mganga wa kuwaondoa majini wanaoilinda mali hiyo. Binamu yangu aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya shughuli hii. Kifaa kililia kweli, watu wakachimba hadi alfajiri, na kilichotoka kikawa kipande cha taruma la reli kilicholiwa na kutu.

Sisemi haya kwa kuwacheka, maana ugonjwa huu nami niliwahi kuugua. Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi marehemu baba alipochimba shimo la kupandia mche wa mnazi akaokota sarafu ndogo yenye tundu katikati, ya heller 10, ya mwaka 1911. Na ni kutokana na jina la sarafu za aina hiyo kwamba mpaka leo tunasema hatuna hela. Haikuwa dhahabu wala fedha, lakini usiku ule sikulala, na kwa siku tatu nilichimba pembeni mwa mche ule kwa kijiko cha upawa mpaka mizizi ikabaki wazi, nikapata viboko nilivyostahili. Isitoshe, sisi wa pwani tunajua kutu ni nini. Bati la nyumba, baiskeli, kisu cha jikoni, vyote chumvi ya bahari huvitafuna, ilhali dhahabu haitafunwi. Katika kaburi la mfalme wa kale Tutankhamun, lililogunduliwa kule Misri mwaka 1922, jeneza la ndani lilikutwa ni la dhahabu tupu, kilo 110 hivi, na baada ya miaka zaidi ya 3,000 dhahabu yake ilikuwa bado haijatafunwa. Kitu kama hicho hakiwezi kuacha kumpa mtu ndoto.

Hata hivyo, ndoto ya Mjerumani inapimika kwa hesabu. Dhahabu inayotajwa zaidi katika masimulizi haya ni sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916, katika karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitoka zaidi kidogo ya 16,000, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 7 hivi. Msomaji akizidisha atapata kilo 115 au zaidi kidogo, yaani mizigo ya wapagazi watano, kwa sarafu zote kwa jumla, na nyingi zililipwa watu mikononi wakati huo huo. Waingereza waliuingia mji wa Tanga mwezi Julai mwaka ule ule, wakati sarafu hizo zikiwa ndiyo kwanza zinatoka karakanani, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Ni mpagazi gani basi aliyezibeba kuja Tanga ili zifukiwe chini ya minazi ya babu yangu? Anayeitaka dhahabu ya mkoa huu akaungane na wachimbaji wadogo wa Handeni na Kilindi, wanaoingia kwenye maduara, yaani mashimo ya machimbo, na kuponda mawe kwa mashine za makarasha. Wao angalau mwamba wao una dhahabu.

Linaloniuma zaidi ni kile kinachopotea. Mwaka 1984, ng'ambo ya bahari yetu hii, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, wataalamu wa mambo ya kale walipata hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, karibu zote za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu za Kifatimi, yaani za watawala wa Misri wa zama hizo. Kwa kuwa zilikutwa zikiwa pamoja, mahali pale pale zilipofichwa, dinari hizo zilisaidia kujua umri wa zile za fedha, na zile za fedha zikatupatia majina ya watawala wa pwani, akiwemo Ali bin al-Hasan, walioishi takriban miaka elfu moja iliyopita. Lau zingeibuliwa usiku kwa sururu, zingeyeyushwa na sonara zikawa bangili, na majina yale yasingesomwa na mtu yeyote.

Vijana niliozungumza nao huniambia kwamba vitu vya Mjerumani havihusiki na sheria. Hapo wanasema nusu ya ukweli. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863 na majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1886, kwa hiyo hela ya mwaka 1911 inaweza kupita. Lakini kaburi wanalolivunja ili kuifikia hela hiyo limesimama pale kabla Mjerumani hajafika.

Nakiri kwamba vitisho peke yake havitoshi. Mwezi Novemba 1992, huko Hoxne nchini Uingereza, bwana mmoja aitwaye Eric Lawes alikuwa akitafuta nyundo ya rafiki yake iliyopotea shambani, kwa kifaa kama hiki wanachokodi vijana wetu, akakuta sarafu za dhahabu na fedha za zama za Warumi. Alipoona zinazidi kutoka, aliacha kuchimba akatoa taarifa, na kesho yake wataalamu wakafika. Zilihesabiwa sarafu karibu 15,000, naye akalipwa fedha nyingi alizogawana na mkulima wa shamba. Nyundo nayo ilipatikana, ikawekwa makumbusho. Hapa kwetu, katika mikutano yote ya kijiji niliyohudhuria, sijamsikia mtu akielezwa kwamba akiokota kitu cha kale akipeleke kwa nani, atapewa stakabadhi gani, na kama atapata kifuta jasho chochote. Aliyeokota akiogopa kunyang'anywa, atauza gizani.

Kwa hiyo ninawaomba wahusika wa mambo ya kale waje kijijini watueleze hayo, tena waje mapema. Masika yameanza, mashimo yale mawili yamejaa maji, na watoto hupita hapo wakienda madrasa, hivyo ni lazima tuyafukie wiki hii au ijayo. Katika udongo uliotolewa nimeona vipande vya chokaa yenye nakshi na kigae kimoja cha bakuli la rangi ya kijani kibichi. Nimevifunika kwa makuti, na nimewazuia wapwa zangu wasitie jembe mpaka atakapofika mtu wa kuvitazama.

Wako msomaji,
Mkulima wa minazi,
Barabara ya Pangani, Tanga