Vijana na vyuma vya uani

Mhariri,

Wazazi wengi hapa Malindi huwakataza watoto wao kunyanyua vyuma wakisema vitawadumaza. Chuma hakimfupishi mtu. Ni kweli kwamba mfupa wa kijana una sehemu laini karibu na ncha, ndiko unakorefukia, lakini sehemu hiyo huumia kwa uzito uliopita kiasi, mkao mbovu na kukosa mkubwa wa kutazama. Pawalifti, mchezo wa skwati (kuchuchumaa na kuinuka na uzito), benchi (kulala chali na kusukuma uzito juu ya kifua) na dedilifti (kuinua uzito kutoka sakafuni), shirikisho lake la kimataifa hupokea washindani kuanzia miaka 14.

Kinachotutia hofu sisi ni vifaa vyenyewe. Utakuta bomba la maji limepachikwa mikebe miwili ya rangi ya lita 4 iliyojazwa zege. Mkebe mmoja huwa kilo 9 au 10, kutegemea nani alikoroga, na ni nadra miwili kulingana. Ipimeni kabla haijagandishwa kwenye bomba. Upande mwepesi ufungiwe kifuko cha mchanga kwa mpira wa tairi, la sivyo kiuno kitajipinda kila siku upande ule ule.

Halafu kuna kimo cha bomba kwenye dedilifti, jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau. Sahani rasmi ya kilo 20, lile gurudumu la uzito linalovikwa kwenye ncha ya chuma, ina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo chuma hukaa sentimita 22.5 kutoka sakafuni. Mkebe wa rangi una upana wa kama sentimita 17. Bomba linabaki chini ya sentimita 9. Kijana akilifuata huko, nyonga hugoma, mgongo wa chini hupinda, na uzito wote humwangukia hapo. Tia tofali la inchi 6 chini ya kila mkebe, na gunia juu yake ili usibingirike. Bomba litafika karibu na kimo chake halali.

Wiki za mwanzo mpini wa jembe unatosha kujifunzia. Kisha seti (yaani mizunguko) 2 au 3, kila seti kuinua mara 8 hadi 12, siku 2 au 3 kwa wiki zisizofuatana, na kila seti iishe ukiwa bado na nguvu za kurudia mara mbili. Kuongeza uzito, funga chupa ya maji ya lita 1 kila upande: hizo ni kilo 2. Kujaribu kilo nyingi kwa mara moja ili wenzako warekodi kwa simu, hilo lisubiri miezi kadhaa. Skwati bila stendi ya kuwekea bomba ifanywe kwa kukumbatia mtungi wa lita 10 kifuani.

Benchi ndiyo inayoua. Dole gumba lizunguke bomba, na mwenzako asimame nyuma ya kichwa chako. Kwa vyuma vya dukani visivyofungwa vibano, aliyezidiwa huinamisha upande mmoja sahani zikateleza. Mkebe uliogandishwa zege hautoki, na bomba likishuka shingoni hakuna pa kukimbilia. Asiye na mwenzake apige pushapu.

Misuli kuuma siku mbili tatu ni kawaida. Maumivu ya kiungo au mfupa yasiyoisha ndani ya wiki si kawaida. Na ganzi ikishuka mguuni baada ya dedilifti, kijana apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, si kwa mkandaji.

Wakufunzi wa vyuma,
Malindi