Carmagnola, kapteni wa kukodiwa

Swahiba,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, mvua tu ndizo zimetufungia ndani, nami nimepata wasaa wa kujibu swali lako: mamluki wa Italia ya kale waliwezaje kuheshimika hivyo? Nikueleze habari za Carmagnola.

Jina lake hasa ni Francesco Bussone. Alizaliwa yapata 1382 mjini Carmagnola, karibu na Turin, katika nyumba ya wakulima, na angali kijana akaingia kikosi cha Facino Cane, kapteni wa kukodiwa. Vita wakati huo ilikuwa kazi ya mkataba, kama ya fundi mwashi: dola inalipa, kapteni analeta wapanda farasi wake, muda ukiisha kila mtu na hamsini zake. Mkataba wenyewe uliitwa condotta, ndipo makapteni wakaitwa condottieri.

Facino alipofariki 1412, Carmagnola akamtumikia Filippo Maria Visconti, Duke wa Milan, akamrudishia miji iliyokuwa imemponyoka mmoja baada ya mwingine. Akatajirika, akaozwa mke wa ukoo wa Visconti. Kisha bwana wake akaanza kumwogopa. Mwaka 1425 Carmagnola akahamia kwa mahasimu wa bwana huyo, dola ya Venice.

Tarehe 12 Oktoba 1427, pale Maclodio, aliwashinda Wamilan katika nchi ya kinamasi, akateka maelfu, pamoja na kamanda wao Carlo Malatesta. Halafu akawaachia wengi waende zao! Mimi namwelewa. Miongoni mwao walikuwemo aliopigana nao bega kwa bega juzijuzi, na mateka wa leo mwakani huenda ukala naye sahani moja. Lakini anayelipa hataki kusikia hayo.

Miaka iliyofuata akawa anasuasua vitani, huku akiwasiliana na Milan. Mwaka 1432 Venice wakamwita, eti kwa mashauriano. Alipokelewa kwa taadhima, akaambiwa mkuu wa dola, Doge, hajisikii vizuri. Alipogeuka kuondoka, akaelekezwa njia ya gerezani. Baraza la Kumi, chombo cha Venice cha usalama wa dola, likamtesa, likamhukumu kwa uhaini, na 5 Mei akakatwa kichwa kati ya nguzo mbili za uwanja ulio kando ya kanisa la San Marco, kinywa kimezibwa.

Hapo kwenye kinywa ndipo ninapokwama. Kama ushahidi ulikuwa mzito, waliogopa aseme nini mbele ya watu? Niandikie unavyoona wewe. Wasalimie wote nyumbani.

Wako wa siku zote.