Umemwambia yule mama?

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi huku Malindi tu wazima, ila joto la Machi limetukaba na mvua bado haijaonyesha dalili.

Ndugu yako Omari amenisomea ujumbe wako. Kwamba maonyesho ya vitabu yakiisha utabaki Bologna siku moja zaidi, na siku hiyo umelipia darasa la upishi, wewe peke yako, nyumbani kwa mama mmoja wa Kiitaliano, akufundishe pasta ya mkono kisha mle pamoja chakula cha mchana. Nimefurahi. Halafu usiku usingizi ukanipaa, maana nilimtaka Omari arudie ujumbe wote na sikusikia popote ulipomwambia huyo mama kwamba huli nguruwe.

Umemwambia?

Usinijibu kwamba utamwambia ukifika. Ukifika umeshachelewa. Mwanamke wa kule anayemngoja mgeni saa nne asubuhi, kazi ameianza jana yake. Ragù yake, ule mchuzi wa nyama, imechemka saa nyingi, na vya kujazia tortellini, zile pasta ndogo za kukunja, vimeshasagwa na kulala kwenye friji. Na hizo tortellini ndizo fahari ya mji wao. Mapishi yake waliyaandikisha rasmi mwaka 1974, na nyama zilizomo ni tatu: kiuno cha nguruwe, prosciutto, na mortadella. Zote tatu ni yule yule. Kinachobaki ni jibini, mayai na kungumanga. Sasa ukisimama mlangoni na tabasamu lako na kumwambia samahani mama, mimi Mwislamu, atafanya nini? Atakuonea haya, nawe utamwonea haya, na mimi nakujua wewe ukiona haya: unakula.

Hilo ndilo linalonikosesha raha, si jingine. Kwamba unakwenda nyumba ya mtu usiyemjua, sikatai, nalo lipo, lakini mtu aliyekaa Nairobi miaka yote hii anajua kujichunga.

Tena usidhani ukisema "sili nguruwe" yamekwisha. Hapa ndipo watu wanapopotea. Kwa wenzetu wale nguruwe wa sahani ni nyama, lakini nguruwe wa sufuriani ni kiungo tu, kama sisi na kitunguu. Atakuondolea prosciutto mezani kwa moyo safi kabisa, kisha akukaangie crescentine, mikate yao midogo, kwa strutto, nayo ni mafuta ya nguruwe, na wala asihisi amekukosea. Ragù yao, waliyoiandikisha 1982, ina nyama ya ng'ombe, ndiyo, lakini inaanza na pancetta, nyama ya tumbo la nguruwe, iliyokatwa ndogo ndogo ikayeyuka, na juu yake divai. Ukiiona imeiva huwezi kujua. Inanukia vizuri, tena vizuri sana.

Najua kwa sababu niliuliza. Yule signora, bibi wa Kiitaliano niliyempikia kule Casuarina, wiki zangu za kwanza jikoni kwake, nilimwuliza ile mifuta ya rangi ya waridi anayokatakata ni nini. Akasema "pancetta", akaendelea kukata. Jina likanitosha. Likanitosha muda mrefu kuliko ilivyopasa, na karo yako ilikuwa inangoja. Vipo vibakuli vilivyofika mpaka nyumbani. Mwenyezi Mungu ni Msamehevu. Tangu nilipojua nilipika kwa pua, chumvi akaonja yeye mwenyewe, na hakuna mgeni wake aliyewahi kurudisha sahani.

Basi fanya hivi. Leo, si kesho, mwandikie kwa Kiitaliano, asije akasingizia lugha: *senza maiale, senza strutto, senza vino*, bila nguruwe, bila mafuta yake, bila divai. Maneno matatu hayo yanatosha. Usiongeze maelezo marefu ya dini, atachoka kusoma. Kisha muombe mpike tortelloni za ricotta. Angalia, tortelloni, kwa o, zile kubwa. Ndani ni jibini za ricotta na Parmigiano, na parsley, na juu ni siagi iliyochemshwa na majani ya salvia. Hutamtaabisha wala hutamwomba apotoshe mapishi ya mamake. Wao wenyewe wana siku zao za dini za kutokula nyama, kama mkesha wa Krismasi, na chakula chao cha siku hizo ndicho hicho. Mwambie hivyo na utaona uso wake unavyofunguka. Ukitaka nyama, nunua mwenyewe bucha la halali ukabebe, wahamiaji Waislamu wapo wengi mji ule na mabucha yao yapo. Mimi ningeiacha nyama.

Parmigiano nayo ina maneno, maana maziwa yake hugandishwa kwa kitu kinachotoka tumboni mwa ndama. Wapo masheikh wanaoruhusu na wapo wanaokataza. Hilo nakuachia, umeshakuwa mtu mzima. Nguruwe sikuachii.

Sasa la unga. Nakiri limenichoma kidogo kusikia unalipa hela zote hizo ukafundishwe kukanda, na mimi mamako nimekanda sfoglia, huo unga wa pasta wa kusukuma, miaka mingapi hapa hapa, na wewe ukipita jikoni ulikuwa unashika pua na kitabu chako cha kuchorea. Haya. Vitabu hivyo ndivyo vimekupeleka Bologna, siwezi kusema kitu. Shangazi yako Mwanahawa anamwonyesha kila mtu ile picha uliyochora ya jahazi, amefika nayo mpaka kwa muuza mahamri.

Lakini usiende kama mtu asiyetoka popote. Gramu mia za unga, yai moja. Unga uutie juu ya kibao, ufanye shimo katikati, mayai ndani, uma uanze pole pole kutoka kando. Ukishashikana, kanda kwa kisigino cha mkono mpaka uone donge limekuwa laini na ukilidonoa kwa kidole linarudi. Lifunike, lilale nusu saa. Wengi hukosea hapo, wanakimbilia kusukuma na donge bado lina hasira, linajirudi. Kibao kiwe cha mbao, sio marumaru, kwa sababu mbao huacha mikwaruzo midogo kwenye sfoglia na mchuzi unapata pa kushika. Utapewa mattarello, fimbo ndefu kama mkono wako au zaidi. Usiishike kama kifimbo chetu cha chapati, katikati. Mikono iende ikifunguka mpaka ncha. Zungusha robo, sukuma, zungusha robo. Watu wa Bologna husema sfoglia ikiwa tayari ukiiinua kwenye mwanga uone kanisa la San Luca lililo kule kilimani. Wewe ukiona vidole vyako, yatosha.

Akikwambia tagliatelle, zile pasta za utepe, ziwe na upana fulani usicheke. Mwaka 1972 waliuandikisha upana huo kwenye chemba yao ya biashara, milimita 8 zikishaiva, na wakaweka kipande cha dhahabu kuwa kipimo. Watu wana mambo. Na usimuulize spaghetti bolognese, hizo ni za hotelini hapa kwetu. Yule signora akizisikia alikuwa anafumba macho.

Ukirudi huku utakuta vipimo vimekuruka. Unga wetu unakunywa unyevu wa bahari, donge linanata, lazima uongeze ngumi ya unga, na mayai ya kisasa yana kiini cheupe mno, pasta inatoka kama ya mgonjwa. Tumia ya kienyeji. Hilo hatakufundisha yeye. Tangu wale wa roketi za San Marco walipoweka kambi Ngomeni miaka ya sitini tumeishi na Waitaliano mlango kwa mlango, na mapishi yao tumeyajua kwa hali ya hewa yetu.

Na chukua zawadi. Usiende mikono mitupu nyumba ya mtu hata kama umelipa. Iliki na mdalasini vya kwetu, vifunge vizuri, na usibebe kitu cha nyama wala maziwa uwanja wa ndege watakusumbua. Ukimaliza kula osha vyombo. Atakukataza, osha. Nisije nikasikia mtoto wangu alikaa akapiga picha mwenzake anasugua sufuria.

Nimeandika mengi na swali langu ni moja: umemwambia yule mama? Akijibu, mpe Omari majibu yake kama yalivyo, nitayasoma mwenyewe. Kiitaliano changu ni cha jikoni, lakini jambo hili ni la jikoni.

Usiniletee jibini, friji inazima zima. Usiniletee mattarello, haitaingia sandukuni na kwenye ndege watadhani ni silaha. Nataka mbegu za salvia, pakiti mbili, nizijaribu pale ukutani karibu na mrehani, palipo na kivuli cha mchana. Zikikataa joto basi.

Hela ulizotuma za paa zimefika. Fundi amesema makuti ya Ngomeni yamepanda bei, nimemwambia afunge upande wa chumba chako na jikoni kwanza, sebule itangoja. Omari hajalipa chuo muhula huu, anasema atakwambia mwenyewe, sijui anangoja nini, muulize. Tangi lilikuwa na ufa, limezibwa. Tokeni za stima zinakwisha Jumapili ukikumbuka. Paka wako amezaa kwenye kapu la nguo zako za zamani, sikuwa na la kufanya, watatu wana madoa na mmoja mweusi, na Mwanahawa ameshamchukua huyo mweusi kabla hajafungua macho nikamwambia amrudishe mpaka aache kunyonya.

Fundi amefika na ngazi yake, acha niende nikamwonyeshe panapovuja.

Mamako