Kortisoli kwenye Mate: Jinsi Polima Teule Zinavyotusaidia Kupima Msongo Bila Sindano

Mteja anayefika kwetu kupima homoni ya msongo hushangaa anapokabidhiwa kichupa cha mate badala ya kuambiwa akunje mkono wa shati achomwe sindano, na swali linalofuata karibu kila mara ni kama mate yanaweza kuaminiwa kama damu. Kwa kortisoli, homoni kuu ya msongo inayotolewa na tezi zilizo juu ya figo, yanaaminika, na kwa upande mmoja yanaizidi damu. Sehemu kubwa ya kortisoli iliyomo kwenye damu imeshikamana na protini na haifanyi kazi. Ile iliyo huru, ambayo ndiyo inayoingia kwenye seli na kuuweka mwili chonjo, ndiyo inayopenya hadi kwenye mate na jasho. Tena sindano huwatia watu hofu, na hofu hiyo inaweza kupandisha kiwango kile kile tunachotaka kukipima.

Ugumu uko kwingine. Kortisoli iliyomo kwenye mililita moja ya mate ni nanogramu chache tu, nayo imechanganyika na molekuli zinazofanana nayo mno. Tezi za mate hugeuza sehemu yake kuwa kortisoni, inayotofautiana nayo kwa atomi mbili tu za haidrojeni, na anayemeza vidonge vya prednisoloni huongeza molekuli ya tatu ya ukoo huo huo. Vipimo vingi hutegemea kingamwili, yaani protini za kinga zinazotambua na kushika molekuli fulani, kuzitenganisha. Ni vipimo vizuri, lakini kingamwili huweza kukosea kati ya molekuli zinazofanana kiasi hicho, na nyingi hutakiwa kuhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, sharti ambalo uzito wake anaujua kila anayeendesha maabara mahali umeme unapokatika.

Polima teule, yaani plastiki zilizotengenezwa ili zinase molekuli moja maalumu, hustahimili joto vizuri zaidi. Mtengenezaji huchanganya kortisoli na kemikali ndogo ndogo, mara nyingi asidi ya methakriliki, ambazo hujipanga kuizunguka. Kisha huongeza kiungo kinachozifunga kemikali hizo pamoja hadi mchanganyiko wote uwe mgumu. Baada ya hapo kortisoli huoshwa itoke, na polima hubaki na vishimo vyenye umbo lake, kama unyayo unavyobaki kwenye udongo uliokauka. Molekuli yenye umbo hilo ikipita tena hunaswa, na nyingine nyingi hupita zikaenda zao. Günter Wulff aliionyesha njia hii Ujerumani mwaka 1972, na mwaka 1993 kundi la Klaus Mosbach wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, lilionyesha kwamba polima za namna hiyo zinaweza kushika nafasi ya kingamwili katika kupima dawa zilizomo kwenye damu.

Sisi tunaitumia kama kichujio: mate hupitishwa juu ya chembechembe zake, kortisoli ikabaki, uchafu ukaoshwa, kisha kortisoli ikatolewa kwa kiyeyushi na kupimwa. Kuna hatua mbili ambazo mteja hazioni, na kwangu ndizo zenye uzito zaidi. Kortisoli iliyotumika kutengeneza vishimo isipooshwa yote huvuja baadaye na kukipandisha kiwango cha mtu asiyehusika, kwa hiyo kila shehena mpya tunaipitishia kwanza kiyeyushi kitupu tuone kama kuna kinachotoka. Pia tunailinganisha na polima iliyotengenezwa bila kortisoli, isiyo na vishimo. Zote mbili zikinasa karibu sawa, basi kortisoli inagandia juu juu tu, na shehena hiyo haitumiki.

Wanamichezo hutuuliza kuhusu kiraka cha jasho. Mwaka 2018 Onur Parlak, Alberto Salleo na wenzao wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha kazi ya kiraka kinachonyumbuka chenye utando wa polima ya aina hii: kortisoli inapojaza vishimo huzuia ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) za jasho kupita, na kifaa cha umeme kilicho chini yake husoma mabadiliko hayo. Ni kazi nzuri sana, nami naingoja kwa hamu, ila hatuuzi viraka, na tunamwomba mteja asinunue kifaa cha ngozini kabla ya kuuliza kimelinganishwaje na kipimo cha maabara.

Hata polima bora haiwezi kusahihisha sampuli iliyochukuliwa wakati usiofaa. Kortisoli hupanda hadi nusu saa hivi baada ya kuamka, kisha hushuka mchana kutwa na kufika chini kabisa karibu na saa sita usiku. Ndiyo maana tunatoa vichupa kadhaa vya siku moja, na mlinzi au muuguzi wa zamu ya usiku tunamwomba aandike pia saa aliyoamka. Usile wala kupiga mswaki nusu saa kabla ya kutema mate, kwa sababu fizi zikitoka damu, kortisoli ya damu huingia kwenye sampuli. Njoo pia na orodha ya dawa zako, pamoja na pampu ya pumu na krimu za ngozi. Krimu ya haidrokotisoni hasa ni kortisoli yenyewe. Ikibaki vidoleni na kugusa mdomo wa kichupa, hakuna polima itakayoitenga na ile ya mwili wako.